Siku Mbuzi Alipoiteka Fort Jesus

Fort Jesus yenyewe, ngome ya Wareno pale Mombasa, ilianza kujengwa 1593, ikamalizika 1596, kwa mawe ya matumbawe na ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Yetu ilijengwa kwa mbao za mbili kwa moja, kitambaa cha marekani cha Biashara Street na uji wa ngano. Ile ya mawe ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo ikaanguka. Yetu ilianguka Waomani wakiwa bado nyuma ya jukwaa wanakunywa chai, na aliyeiangusha ni mbuzi jike wa jirani.

Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa kichanga. Michezo yetu ya mwanzo ilikuwa ya mke na mume kugombana sebuleni: mkeka, viti viwili, birika, basi. Mchezo wa namna hiyo hauharibiki, maana hauna cha kuharibika. Lakini mwongozaji akishaonja makofi hutaka historia, na historia ya Mombasa haichezwi juu ya mkeka. Akataka ukuta wa ngome, futi ishirini, ulionyooka sawasawa.

Kipande kimoja cha ukuta wa jukwaani ni fremu ya futi nane kwa nne: mbao za pembeni, moja ya kukata katikati fremu isijikunje, na pembetatu za plaiwudi kwenye kila kona. Kabla ya kugonga misumari unapima kona kwa kona, huku na huku, vipimo vikiwa sawa ndipo mraba umekaa. Usipopima, vipande vitano ukiviunganisha utapata ngome yenye mianya ya kupitisha mkono. Juu ya fremu hutandikwa marekani, tena iliyolegea kidogo, kwa sababu ikilowa hurudi. Ukiikaza ikiwa kavu, itavuta mbao mpaka zipinde. Hayo yote fundi wetu aliyafanya vizuri, na nasema hivi ili ijulikane kwamba kosa halikuanzia kwenye mbao.

Lilianzia jikoni. Marekani lazima inyweshwe uji kwanza, ama sivyo itakunywa rangi yote uliyo nayo na bado itaonekana shuka. Uji ni kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vitano vya maji. Unga unakorogwa na maji baridi kwanza, kisha unamiminiwa maji yanayotokota huku unasonga mkono bila kupumzika, la sivyo ni madonge matupu. Ukipoa unatia shabu iliyosagwa, kijiko kimoja cha chai kwa lita, uji usiote ukungu na wadudu wauone mchungu. Wako wanaotia mrututu. Mrututu ni sumu. Laiti tungeutia, hadithi hii ingemalizikia kwa chifu.

Shabu haikutiwa. Aliyetumwa Marikiti akainunue alirudi na mfuko wa mabuyu, kwa hoja kwamba vita bila damu si vita. Na kweli mabuyu hutoa damu nzuri: unayaloweka kwenye maji ya moto kidogo, rangi na sukari vinatoka pamoja, unapata kitu chekundu kinachoteleza polepole kwenye kipaji cha uso. Ubaya wake ni nzi. Maiti wetu wa onyesho la kwanza walikuwa wakijipiga makofi.

Halafu rangi. Rangi ya maji ilikuwa ghali, tukachukua chokaa, tukaichuja kwa kitambaa, tukatia manjano ya unga ifanane na ngome. Chokaa hutiwa chumvi: chumvi huzuia maji yasikauke haraka, chokaa ikapata muda wa kushika, isiwe vumbi la kufutika. Konzi moja kwa ndoo inatosha, na hapa Mombasa hata hiyo ni nyingi, kwa sababu hewa yenyewe ni maji na chumvi huyavuta. Fundi alitia kilo nzima. Tulipomuuliza akasema, "Yakhe, bahari iko pale, mwaogopa chumvi?" Matokeo yake ukuta haukukauka vizuri. Kila askari wa Kireno aliyeuegemea aliondoka na mgongo mweupe, ukawa unaweza kuhesabu nani amekaa ngomeni muda gani.

Mfugaji yeyote ameshaona tulichokitengeneza. Unga, chumvi na chokaa, vimepakwa kwenye pamba. Kuna watu wanalipa pesa dukani kununua tofali la kulambisha mifugo lisilofikia ubora wa ngome yetu. Na uji una tabia ya kuteremka kabla haujakauka, kwa hivyo sehemu nene kuliko zote ilikuwa chini, kwenye futi mbili za mwanzo, usawa wa mdomo wa mbuzi.

Ukumbi ulikuwa wa mtaani, Majengo. Hauna feni, milango hubaki wazi watu wapumue, na mbuzi wa Majengo hawajawahi kuuliza mlango ni wa nani. Tulianza baada ya isha, saa mbili na kitu, kama inavyopasa. Ukianza kabla ya hapo nusu ya watazamaji watanyanyuka katikati ya maneno yako makali kabisa, na huna haki ya kulalamika.

Mimi nilikuwa mkumbushaji. Mkumbushaji hukaa nyuma ya ukuta na daftari na tochi ndogo, akimnong'onezea aliyesahau. Ni kazi nzuri, humwoni mtu na mtu hakuoni. Mbele yangu ukuta ulishikwa na mihimili ya mbao, kila mmoja umepigwa msumari kwa juu na mguu wake umekandamizwa na gunia la mchanga. Fremu ya futi nane inataka mguu utoke nyuma futi tatu au nne, na gunia lisipungue kilo ishirini. Vipande vikipangwa kwa kupindapinda husimama vyenyewe; vikinyooshwa sawasawa, kama alivyotaka mwongozaji, vinasimama kwa rehema za gunia. Magunia yetu yalikuwa nusu. Mkokoteni wa mchanga ulikuwa na bei yake.

Upande wa umeme, tulikuwa na taa tatu za halojeni, wati 500 kila moja, zote kwenye waya mmoja wa kuzungusha ambao ulikuwa umeachwa umezungushwa kwenye gurudumu lake. Waya wa namna hiyo hubeba ampea 13 ukikunjuliwa wote. Ukibaki umejiviringa joto halina pa kutokea, na hapo usiudai zaidi ya ampea tano. Taa peke yake zilikuwa zinakula zaidi ya sita. Ungeweza kukaanga yai juu ya gurudumu, lakini kwa kuwa kifaa cha kukata umeme joto likizidi huchukua muda kuamka, tulidhani tumefaulu.

Tendo la pili. Ngomeni njaa na maradhi. Nikasikia kitu kinatafuna. Nikadhani ni mmoja wa maiti. Nikamulika tochi chini ya ukuta, na pale penye marekani ya manjano palikuwa na shimo la ukubwa wa sahani, na ukingoni mwa shimo midomo miwili inakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, bila haraka, uzi wa marekani unaning'inia kwenye ndevu. Mbuzi alikuwa upande wangu, akakitokeza kichwa upande wa watazamaji. Nikamvuta mkia. Akanipiga teke la daftari, kurasa zikatawanyika, akaendelea.

Jukwaani Kapteni, ambaye mchana ni muuza samaki na sauti anayo, alikuwa amefika kwenye maneno yake makubwa. Akainua mikono: "Tumekula panya! Tumekula ngozi za viatu! Ngomeni hakukubaki kiumbe hai isipokuwa sisi!"

"Mee," akasema mbuzi.

Watazamaji wa Mombasa hawahitaji kukumbushwa maneno yao. "Mna mbuzi mwalia njaa?" akapiga kelele mzee wa mstari wa mbele. Mwingine: "Chinjeni huyo, nazi naleta mimi!" Maiti wawili walikuwa wanacheka, na maiti akicheka tumbo huonekana. Kapteni, kwa ustadi ambao bado nampa heko, akakitazama kile kichwa ukutani akatangaza kuwa Waomani wametuma mjumbe.

Wakati huo Waomani walikuwa kwenye chumba cha nyuma. Wanaingia tendo la tatu, basi mmoja wao akaona bora wapate chai, akachomeka birika la umeme kwenye waya uleule. Wati elfu mbili. Ongeza 1,500 za taa, gawanya kwa volti 240: unakaribia ampea kumi na tano kwenye waya wa ampea tano. Kifaa cha kukata umeme kikaamka. Giza.

Zikawaka tochi za simu, mia na ushei, zote zimeelekezwa kwenye shimo. Mbuzi hakupenda. Akarudisha kichwa, pembe zikanasa kwenye marekani, akapanda juu ya gunia la mchanga apate nguvu, gunia nusu likasukumika, mguu wa mhimili ukateleza. Kipande cha katikati kikaanza kwenda mbele, na kwa kuwa vyote vilifungwa kamba kwa nyuma, kikawavuta jirani zake.

Ukuta wa kitambaa ukianguka kifudifudi hauumizi mtu. Hewa iliyo chini haina pa kukimbilia, kwa hivyo ukuta hushuka taratibu kama tanga linaloteremshwa. Lakini hewa ya wetu ilikuwa na pa kukimbilia: shimo la mbuzi. Ikatoka pale kwa mkupuo pamoja na chokaa yote iliyokuwa haijashika, ikamkuta Kapteni kinywa wazi. Tochi za simu zilipompata tena alikuwa mweupe tangu kilemba hadi kifua, ndevu za sufi zimehamia shingoni, na amebeba upanga. Mtoto mmoja akalia kwamba ni jini.

Ndipo Waomani wakaingia, kila mtu na kikombe chake, kuuliza kwa nini umeme umekatika. Walipigiwa makofi kwa kuiteka ngome.

Mwenye mbuzi alikuja kabla hatujamaliza kufagia. Bi Mkubwa wa makamo, leso mbili, sauti ya chini, jambo linalotisha zaidi kuliko kelele.

"Nani kamlisha mbuzi wangu chokaa?"

"Shikamoo Bi. Hatukumlisha, kajilisha."

"Marahaba. Tumbo limemvimba. Akifa?"

Mwongozaji akasema na yeye ana ngome ya kulipwa. Bi akamtazama, akayatazama yale mabaki sakafuni, akauliza ngome ni ipi. Hapo kesi ikatuelemea. Tulikubaliana kumnunulia majani mzigo mmoja na wajukuu wake waingie bure. Mbuzi aliamka salama, mwenye afya kuliko sote.

Onyesho la pili tulitia shabu, tena mara mbili ya kipimo, magunia yakajazwa, waya ukakunjuliwa wote, birika likafungiwa kabatini. Ukumbi ulifurika mpaka madirishani, na hakuna aliyekuja kwa ajili ya Wareno. Mwongozaji, ambaye sasa alikuwa amewaelewa watu wake, alimwazima yule mbuzi kwa Bi na kumwandikia mahali pa kuingilia. Kapteni akasema maneno yake, akanyamaza, akangoja. Mbuzi akasukumwa mbele, akaunusa ukuta, akaulamba mara moja, akakunja mdomo kwa ule uchungu wa shabu, akageuka akatoka nje kupitia katikati ya watazamaji.

Watu wakaanza kudai pesa zao. Bi, kutoka mstari wa mbele pamoja na wajukuu, akamwambia mwongozaji bila kuinuka:

"Mumemwita kazini, chakula mumekitia dawa. Mwataka afanyeje?"