Nywila ya msimamizi si ya kubandikwa ukutani

Steshenari zinazotumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, hapa Tanga si nyingi, lakini nilizozifikia Ngamiani na Makorora zina tabia moja inayonikera: nywila ya msimamizi imeandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa ubavuni mwa skrini. Ukiuliza kulikoni, unaambiwa mashine inasumbua, kila saa inadai nywila. Mimi nasema mashine haisumbui. Inauliza swali la maana, nasi tunalijibu kwa kumpa kila apitaye ufunguo wa nyumba nzima.

Tazama kinachotokea pale kaunta. Dada anapokea flashi ya mteja, anaichomeka, inafunguka bila kuulizwa chochote. Baadaye anabofya sehemu ya diski ya ndani iliyobaki na Windows ya zamani, na papo hapo dirisha linamdai nywila ya msimamizi. Mtu ni yule yule na kiti ni kile kile, kwa hiyo wengi huuona huu ni ukorofi. Lakini flashi imechomekwa na mtu aliyekaa mbele ya mashine, ilhali diski ya ndani ni mali ya mashine yenyewe na huenda imebeba mafaili ya wenzake. Ruhusa hapa haitazami mtu peke yake. Inatazama pia anataka kufanya nini, na kama yuko mbele ya mashine au ameingia kutoka mbali.

Inayopima hayo ni polkit, programu ya Linux inayosimamia ruhusa. Programu yenye mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, kwa upande wa diski ni udisks, huiuliza: huyu aruhusiwe? Polkit husoma kanuni zake na kujibu ndiyo, hapana, au athibitishe kwanza. Jibu likiwa hilo la tatu ndipo anapoitwa wakala wa uthibitishaji, programu ndogo inayokaa upande wa mtumiaji na kuleta lile dirisha. Wakala haamui lolote. Kuna vitendo ambavyo nywila yako mwenyewe inatosha na vingine vinavyotaka ya msimamizi, na vipo ambavyo ukishathibitisha hutaulizwa tena kwa dakika chache. Baadhi ya mawakala wana sehemu ya maelezo inayotaja kitendo chenyewe kwa jina. Isomeni kabla ya kuandika nywila, tafadhali.

GNOME na KDE Plasma, mazingira kamili ya skrini ya Linux, huja na mawakala wao. Shida iko kwenye mashine kuukuu zilizowekewa Openbox au i3, programu ndogo za kupanga madirisha, ili ziwe nyepesi. Huko wakala asipoanzishwa hakuna dirisha: unabofya, kimya, au unaambiwa huna idhini. Hapo ndipo fundi mwenye haraka anapoandika kanuni ya kumruhusu kila mtu kila kitu, au mbaya zaidi, anawaambia wafanyakazi waingie kama root. Dawa yenyewe ni mstari mmoja. Kwenye Openbox, sakinisha wakala aitwaye lxpolkit, kisha uandike `lxpolkit &` ndani ya faili la ~/.config/openbox/autostart. Fundi anayelipwa kwa kazi hiyo hana kisingizio.

Najua wenye maduka watasema sisi ni wachache na tunaaminiana. Sawa, aminianeni, ila kila mtu awe na akaunti yake. Polkit huandika kwenye kumbukumbu za mfumo nani amethibitisha na kwa kitendo gani; mkitumia akaunti moja, jina litakuwa moja siku zote, na printa ikivurugwa au programu ngeni ikiingia mtabaki kushukiana. Na kama shida ni printa tu, kwenye matoleo ya Linux ya Debian na Ubuntu lipo kundi la watumiaji la lpadmin. Mweke mfanyakazi humo atasimamia printa na foleni zake bila kuwa na mamlaka juu ya mashine nzima.

Wapo watakaonikumbusha PwnKit. Ni kweli: Januari 2022 Qualys, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza kasoro ndani ya pkexec, chombo kinachokuja na polkit, iliyomwezesha mtumiaji yeyote wa mashine kuwa root, nayo ilikuwemo tangu 2009. Marekebisho yalitolewa. Mashine ambayo haijasasishwa tangu wakati huo isasishwe leo, maana kwenye hiyo hata akaunti tulizozitenga vizuri hazilindi kitu.

Kwa fundi anayekabidhi mashine kesho, fungua terminali uandike `pkaction --verbose --action-id org.freedesktop.udisks2.filesystem-mount-system`. Mstari wa "implicit active" utakuonyesha aliyekaa kwenye kiti kwa kawaida anadaiwa nini kabla ya kufungua diski ya ndani. Mwonyeshe mwenye duka mstari huo, mfungulieni kila mfanyakazi akaunti yake, kisha kile kikaratasi kichanwe yeye akiwa anaona.