Saa Zilizookolewa na Mashine Ni za Nani?

Mwezi Mei 2023, mashine za kuchuma majani chai ziliteketezwa kwa moto kule Kericho. Huku Nakuru tulizungumzia moto na polisi kwa siku chache, kisha tukarudi kwenye shughuli zetu. Kuna swali tuliloliacha pale. Mashine moja ikifanya kazi ya wachumaji wengi, zile saa zote zilizookolewa huenda wapi? Kwa aliyefutwa zimegeuka njaa. Aliyebaki kazini naye hajaziona, maana bado anatoka alfajiri na kurudi usiku.

Ninaishi Naivasha, upande wa Karagita, ambako ni vigumu kupata ploti isiyo na mfanyakazi wa mashamba ya maua. Ikifika katikati ya Januari mtaa hubadilika. Waridi zinatakiwa Ulaya kabla ya Februari 14, na ua likishakatwa halisubiri. Lipangwe kwa urefu, lifungwe, liingie chumba cha baridi, liwahi ndege Nairobi. Basi la shamba huwachukua watu kukiwa bado giza na kuwarudisha watoto wameshalala.

Jirani yangu mmoja anamlea peke yake binti aliye gredi ya pili. Shule inataka daftari la kazi ya nyumbani litiwe sahihi na mzazi kila jioni. Msimu huo daftari huletwa kwangu. Mtoto husimama mlangoni, kalamu tayari mkononi, akanionyesha kwa kidole mahali pa mzazi, nami natia sahihi. Husema ahsante, halafu huuliza kama nimesikia basi likipita. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunaambiwa. Huyu mama amlee saa ngapi?

Na hakuna anayemlazimisha. Ovataimu huiomba mwenyewe. Mshahara ukishalipa nyumba, unga na makaa, umekwisha. Pesa za ziada za msimu wa maua ndizo zinazolipa deni la duka na kununua sare ya shule. Ndiyo maana sipendi kabisa kusikia wafanyakazi wakishauriwa "wapunguze kazi wakae na familia". Wapunguze wale nini? Kumpunguzia mtu saa pamoja na mshahara ni kumpunguzia sahani. Ninachodai mimi ni kwamba saa zipungue, mshahara ubaki palepale, na pengo hilo lizibwe na faida ile ile inayoletwa na mashine.

Dai hili lina umri mkubwa. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani: 8 kwa siku, 48 kwa wiki. Mwaka 1930 mwanauchumi Mwingereza John Maynard Keynes alitabiri kwamba ndani ya miaka mia moja, kazi ya saa 15 kwa wiki ingetosha. Mia hiyo inakaribia kutimia. Mashine zimekuja, nyingi kuliko alivyoweza kuziwaza, lakini saa 15 hazionekani popote, kwa sababu faida ya mashine haijigawi yenyewe. Inagawanywa mezani, na asiyekaa mezani hapati.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hata hiyo moja simu imeshaiingilia, kwa ujumbe wa supavaiza kwenye grupu ya WhatsApp Jumapili jioni. Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka Seneti mswada wa kumlinda mfanyakazi asiyejibu simu za kazi akiwa nyumbani. Ufaransa wana sheria ya aina hiyo tangu 2017. Hapa kwetu waajiri waliupinga, na nasikitika kwamba sisi wengine hatukuutetea kwa sauti.

Najua waajiri watasema mashine ni ghali na maua ya Ethiopia yanawabana sokoni. Ni kweli. Lakini anayenunua mashine hupiga hesabu kwanza, na ndani ya hesabu hiyo mna mishahara anayotarajia kuiokoa. Hesabu hiyo wafanyakazi waonyeshwe mapema, kabla mashine haijafika getini.

Kwa hiyo KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, kitakapoketi tena na waajiri kujadili mkataba wa pamoja, kisiishie kwenye asilimia ya nyongeza. Kidai kipengele kinachosema kila mashine mpya itapunguza saa ngapi kwa waliopo, kwa mshahara ule ule. Na kwa Januari na Februari, ziwe shifti mbili, ya kwanza itoke saa nane mchana. Wa kujaza shifti ya pili watafutwe kwanza miongoni mwa wale ambao mashine zimewaacha bila kazi. Wapo wengi, wa Kericho na wa hapa Naivasha, na wengine tayari wanajua kazi.