Pumu ya uzeeni: tuulaumu moshi au umaskini?

Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo. Mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa Paris uliozungumzia nishati safi ya kupikia barani Afrika. Tangu hapo, mazungumzo yetu kuhusu mapafu ya mama na bibi zetu huishia kwenye moshi. Mzee akibanwa na kifua, jibu liko tayari: ni kuni, ni mkaa, apewe mtungi wa gesi.

Jibu hilo lina ukweli mwingi. Lakini linaacha mambo mengi nje, na hayo yanayoachwa ndiyo mara nyingi yanayoamua kama mzee mwenye pumu atalala usingizi au atakesha amekaa kitandani akitafuta hewa.

Tuanze na upande wa moshi, maana ushahidi wake si wa kubeza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mwongozo wa shirika hilo wa 2021 unataka chembe laini za hewani zisizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Jikoni penye mafiga matatu, dirisha dogo na kuni zilizolowa mvua za masika, vipimo hufika mamia. Sasa mchukulie bibi wa miaka 70 aliyeanza kusonga ugali akiwa na miaka kumi. Ana miaka sitini ya kuvuta hewa ile, asubuhi na jioni, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni.

Usukumani moshi huo umefanya madhara ambayo hayaonekani kwenye kipimo chochote cha hospitali. Sehemu ambako kuni zimekuwa adimu, watu huwasha hata mavi ya ng'ombe, na macho ya wanawake wanaopikia moto huo kwa miaka mingi huwa mekundu. Kwa miongo kadhaa macho hayohayo mekundu yamechukuliwa kuwa dalili ya uchawi, na vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu hiyo katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake. Bibi anayeogopa kutazamwa na majirani hatatoka kwenda zahanati kueleza kwamba kifua kinambana. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi hatari ya hewa na hatari ya jamii zinavyoshikana katika mwili wa mtu mmoja.

Upande wa pili una hoja zake, na nazo zina uzito. Mwaka 2018 zilichapishwa tafiti mbili kubwa kuhusu watu wazima, kupikia kuni na mkaa, na ugonjwa wa kuziba kwa njia za hewa. Moja, iliyokusanya takwimu za maeneo kadhaa ya nchi za kipato cha chini na cha kati, ilikuta kwamba wanaovuta moshi wa jikoni wana ugonjwa huo zaidi. Nyingine, ya mradi wa kimataifa uitwao BOLD uliopima watu wa miaka 40 na kuendelea katika nchi nyingi, haikukuta uhusiano huo. Na hapo tunazungumzia kuziba kwa njia za hewa kwa jumla. Kwa pumu yenyewe, kwa watu wazima, matokeo ya tafiti yanapishana zaidi.

Kisha yakaja majaribio ya kuondoa moshi kwa vitendo. Katika Guatemala, India, Peru na Rwanda zilichaguliwa nyumba zaidi ya 3,000. Nusu zikapewa jiko la gesi pamoja na gesi ya bure kwa takribani mwaka mmoja na nusu. Gesi ilitumika kweli na moshi ukapungua sana. Hata hivyo uzito wa watoto waliozaliwa haukuongezeka kwa kiwango cha maana, na nimonia kali kwa wachanga haikupungua kama ilivyotarajiwa. Wapo wanaoyachukua matokeo hayo kama hoja kwamba kampeni ya gesi inaahidi zaidi ya inavyoweza kutoa.

Mimi siyasomi hivyo. Majaribio yale yalilenga hasa wajawazito na vichanga, na miezi kumi na minane ni muda mfupi mbele ya maisha mazima ya moshi. Ninachokiona ni kwamba mapafu ya mtu maskini yameshapigwa toka pande nyingi kabla hajafika uzeeni. Pengine alizaliwa na uzito mdogo. Pengine aliugua nimonia utotoni, au kifua kikuu ukubwani, ambacho hata kikipona huacha makovu. Aliyefanya kazi miaka ishirini Tanga kwenye korona, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa au cha saruji, anastaafu na vumbi lake. Ukimwondolea moshi peke yake, hayo mengine hayaondoki nao.

Kuna tofauti nyingine inayosahaulika: kitu kinachomletea mtu pumu si lazima kiwe kilekile kinachoiamsha akishakuwa nayo. Utafiti uliofanywa Oman kwa watoto wa shule na kuchapishwa 2009 ulilionyesha hili vizuri. Watoto wa nyumba zinazofukiza udi na bukhuri hawakuwa na pumu zaidi ya wengine, lakini wale waliokuwa nayo tayari walibanwa kifua kwa ule moshi. Walikuwa watoto, sikatai, ila sioni sababu ya kudhani njia za hewa za mzee ni imara kuliko zao. Unguja, Mombasa na Lamu, ambako chetezo huzungushwa chumba kwa chumba kila Ijumaa, hakuna anayehitaji kuambiwa audharau utamaduni wake. Inatosha kufukiza wakati mzee yuko barazani, madirisha yakiwa wazi, naye arudi ndani moshi ukishatoka. Dawa ya mbu ya kuchoma iwekewe utaratibu huohuo, au chandarua kiachwe kifanye kazi yake.

Na godoro. Huku pwani wazee wengi bado wanalalia godoro la sufi lenye umri wa miaka, ndani ya chumba chenye ukuta uliopata ukungu kwa unyevu. Ndani ya sufi ile wanaishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na kinyesi chao ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu kwa nguvu. Sijasikia mkakati wowote wa taifa kuhusu magodoro ya wazee.

Hata hivyo kinachonisumbua zaidi ni kile kinachotokea mzee akishafika kwa mtoa huduma. Mzee anayeamka usiku akihema anaweza kuwa na pumu. Anaweza pia kuwa na moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, au kifua kikuu, au ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, na wakati mwingine mawili kwa pamoja. Pasipo kipimo cha kupuliza ni kubahatisha tu, na mara nyingi familia yenyewe imeshatoa hukumu: ni uzee. Wazee wenyewe hulisaidia kosa hilo kwa kuwa hisia ya kukosa hewa hupungua kadiri umri unavyokwenda, hivyo huchelewa kulalamika.

Dawa nazo huamsha pumu kwa mlango wa nyuma. Mfano ninaotamani kila mwenye mzee aujue ni wa matone ya macho. Mgonjwa wa presha ya macho huandikiwa matone ya timolol. Tone linaloingia jichoni hupita kwenye mfereji wa machozi hadi puani, na kutoka hapo huingia damuni. Timolol ni ndugu wa propranolol, kidonge cha presha na mapigo ya moyo, na zote mbili zinaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu. Mzee huanza matone kliniki ya macho, wiki zinapita, kifua kinabana, anapelekwa kwingine, anapewa dawa ya pumu, na matone yanaendelea kwa kuwa hakuna aliyemuuliza anatumia nini. Asiache matone kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu presha ya macho hupofusha. Amwambie daktari wa macho kwamba ana pumu, kwani yapo matone ya aina nyingine. Aspirini na diklofenaki, anayojinunulia kwa ajili ya magoti, nazo huwabana baadhi ya wenye pumu.

Halafu kuna bei. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema mtu mzima asitibiwe kwa dawa ya kutanua njia za hewa peke yake. Anahitaji dawa ya kuvuta yenye steroidi, inayotuliza uvimbe wenyewe. Ile inhela ya bluu, yenye dawa ya kutanua pekee, humpa nafuu ya saa chache tu. Lakini mzee wetu mara nyingi hana hata hiyo ya bluu. Ananunua vidonge vya salbutamol au aminofilini, pakti moja moja kadiri shilingi inavyopatikana. Aminofilini ni dawa ambayo kipimo cha kutibu na kipimo cha kudhuru vimekaribiana, na mwili wa mzee huitoa polepole. Sera za Tanzania zinasema mwenye miaka 60 na kuendelea asiyejiweza atibiwe bure. Bure hiyo hugota kwenye dirisha la dawa pale anapoambiwa akanunue nje.

Hapa mtetezi wa gesi ana swali zuri: umaskini hautaisha kesho, ila mtungi unaweza kugawiwa kesho. Ni kweli, na mitungi ya kilo sita imegawiwa kwa bei ya ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini. Tatizo ni mtungi ukiisha. Kuujaza upya ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, wakati mkaa unapimwa kwa kopo. Pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Inua Jamii, mpango wa Kenya wa kuwapa wazee fedha, ni shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Mzee mwenye kipato hicho, tena analea wajukuu, hutumia gesi kuchemshia chai na maharage hurudi kwenye mkaa.

Na tuulize nani anapika. Mzee anayekaa na binti au mkwe anaweza kusogea mbali na jiko. Anayeishi peke yake hana wa kumpokea mwiko. Kwake upweke ndio unaomrudisha kwenye moshi kila siku, na ndio unaofanya asiwe na mtu wa kumkimbiza hospitali kifua kikifunga saa nane usiku. Kumtenga mzee na moshi kunaweza kuanza na kijana wa jirani kumpikia, kuni kuanikwa zikakauka, na jiko kutolewa uani.

Kwa hiyo nikilazimishwa kupanga, napanga hivi. Gesi iendelee, na ruzuku ihamie kwenye kujaza, kwa sababu faida yake kubwa itaonekana kwa mjukuu ambaye mapafu yake bado yanakua. Mzee aliyekwisha kuugua atapungukiwa na kikohozi na mashambulizi, na hilo si dogo, lakini ugonjwa wake hautaondoka na mkaa. Yeye anahitaji kwanza kutambuliwa na kupata dawa ya steroidi isiyokatika. Kliniki za presha na kisukari zipo tayari kwenye vituo vya afya, na wazee wanazihudhuria kwa tarehe. Pale mezani kiongezwe kifaa cha plastiki cha kupulizia kinachopima nguvu ya pumzi. Muuguzi aulize maswali matatu: unapikia nini, unaishi na nani nyumbani, na unatumia dawa gani nyingine, hata za macho. Mwenye vidole vilivyokakamaa, asiyeweza kubonyeza inhela na kuvuta kwa wakati mmoja, atengenezewe kisaidizi kwa chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako na kuzibwa pale inhela inapochomekwa. Watafiti wa Cape Town walionyesha 1999, kwa watoto, kwamba chupa hiyo hufanya kazi sawa na kile cha dukani.