Wenye mradi ni akina mama wa jikoni

Asante mwandishi kwa makala hii ya makanisa ya Wamarekani Weusi yanayohimiza waumini kula vizuri na kufanya mazoezi. Mimi naishi North Carolina, nasali nao mwaka wa tisa sasa. Mchungaji anahubiri, sawa, lakini anayeamua tule nini baada ya ibada ni mama aliyeshika mwiko.

Kanisani kwetu majani yao, ndugu kabisa wa sukuma wiki yetu, yalikuwa yanachemshwa na mguu wa nguruwe wa moshi mpaka mchuzi unang'aa mafuta. Bibi mmoja akabadilisha kimyakimya: nyama ya bata mzinga, kitunguu, pilipili, siki kidogo. Alipotutobolea siri, tulishaomba kuongezewa.

Si jambo jipya. Miaka ya 1990 makanisa 50 ya jimbo hili, katika kaunti 10, yaliingia mradi wa matunda na mboga, na waumini wakaongeza kula kweli. Kule Hernando, Mississippi, mchungaji Michael Minor alipiga marufuku kuku wa kukaanga kanisani kwake.

Kinachoniuma ni wafadhili. Waliokuja kwetu walipima presha, wakagawa fulana, mwaka wa pili hawakuonekana. Sisi bado tunatembea kila Jumamosi saa moja asubuhi, tukizunguka maegesho ya magari huku tunaimba, wazee mbele ili tusiwaache. Fungu lile lingepitia kwa akina mama wa jikoni, mboga tungekula mwaka mzima.