Mia tano saba za bibi zimenitoa jasho kwenye baridi ya Mbeya

Jamani leo naomba niongee maana nikinyamaza nitapasuka. Mimi ni keshia wa zahanati moja ya mtu binafsi hapa Mwanjelwa, jina sitaji kwa sababu kazi bado naitaka, na kitu ambacho watu wa nje ya dirisha hawakijui ni kwamba ile hela ninayohesabu kutwa nzima siyo yangu isipokuwa siku ikipungua. Ikitimia ni ya bosi. Ikizidi ni ya bosi. Ikipungua tu, ghafla inakuwa ya kwangu mimi na wanangu.

Sasa ilikuwa Jumatatu, mwezi wa saba, ile baridi yenyewe ambayo asubuhi mlima Loleza hauoni kwa ukungu na vidole vinakufa ganzi mpaka noti mbili unazihesabu moja. Foleni imefika mpaka kwenye bomba la kunawia. Akaja bibi mmoja katokea pande za Kiwira, Rungwe, kajitanda shuka la kimasai juu ya kitenge, ananisalimia Kinyakyusa "ugonile mjukuu wangu", nikasema shikamoo bibi, na ndugu zangu ukishaitwa mjukuu na mtu wa umri ule akili ya uhasibu inaondoka kwenda kuota moto. Bili yake 13,500, kumuona daktari, kipimo cha damu na dawa. Akaanza kufungua fundo la kanga. Fundo la bibi wa Rungwe siyo fundo ni sefu ya benki, alitumia vidole, akatumia meno, akaniomba mkasi, na nyuma yake dogo wa bodaboda analia "bibi fanya haraka abiria wangu kaganda huko nje". Likatoka elfu kumi limekunjwa mara nane, alafu kakirundo kadogo kamefungwa uzi wa kushonea. Nikakata uzi, nikahesabu saba, mia tano mia tano, nikaiona picha ya Karume, nikatupia kwenye droo, nikampa risiti. "Ndaga fijo mjukuu", yani asante sana, akaondoka zake. Mkumbuke huyo bibi.

Anayefuata mwalimu, ana kadi ya bima. Namwambia mwalimu dawa hii ya pili bima haituruhusu kuitoa ngazi yetu ya zahanati, inatoka hospitali kubwa, hapa utalipa mfukoni. Weee! "Mimi nakatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi, mwajiri anaweka 3 nyingine, jumla 6, na mimi ni mwalimu wa hesabu, kwaio usinichezee." Kana kwamba hizo sita nazila mie na ugali. Na hajui tabu iliyoko nyuma ya ile kadi yake, kwamba kila fomu inataka sahihi ya mgonjwa, sahihi ya daktari, ugonjwa uandikwe usomeke, na dokta wetu mwandiko wake ni kuku kapita kwenye majivu, alafu mwisho wa mwezi tunapeleka madai na ikikosekana sahihi moja wanakata. Mwezi uliopita mzee mmoja katibiwa kaondoka bila kusaini, nikapanda daladala mpaka Uyole kumfuata, nauli yangu, nimefika namwambia baba weka sahihi hapa, akasoma ile fomu mbele na nyuma, akaita na mjumbe aje ashuhudie, wakakaa wawili kwenye benchi wananihoji kama siyo mkopo wa kausha damu. Nimenyweshwa chai tatu ndo nikapata sahihi.

Na lipa namba nayo. Kibao kipo ukutani kizuri kabisa ila meseji ya malipo inaingia kwenye simu ya bosi, na bosi muda huo yuko ndani anamsikiliza mtu kifua. Jamaa anakunyooshea simu, "nimeshalipa anko, ona", kidole gumba kimelala juu ya skrini. Nikamwambia toa kidole anko. Akakisogeza nusu. Nikamwambia kitoe chote. Kumbe meseji ya juzi, na ni ya luku.

Tuje kwenye madeni maana hapo ndo penye uchungu. Tuna kaunta buku, limechakaa kona kama chapati, na mdaiwa wa huku kwetu ana kalenda yake mwenyewe. Wa Uporoto atalipa viazi vikitoka. Wa Mbozi atalipa kahawa ikilipwa, na ukimuuliza italipwa lini anakwambia kaulize chama cha msingi. Wa Kyela anasubiri mpunga. Wa Rungwe siku hizi ni parachichi. Wa hapa hapa mjini asiye na shamba wala bajaji, huyo anakwambia "Mungu akijalia", na kusema ukweli huyo ndo nisiyemuweza, viazi ntavikadiria vinatoka lini ila Mungu ntamuandikia tarehe gani kwenye buku?

Kazi ya kuwapigia ni yangu. Sasa Jumatatu hiyo hiyo mchana nimebeba mfuko wa makusanyo naenda benki, nimepanda bajaji kuelekea Kabwe, nikasema ngoja nitumie muda vizuri nimpigie mdaiwa mmoja wa 42,000, tangu mwezi wa tatu hapatikani. Nikapiga. Simu ikaita pajani kwa jamaa tuliyebanana naye kiti kimoja. Kavaa barakoa na kofia ya sufu sikumjua. Anaangalia skrini, na mimi naangalia skrini, imeandikwa USIPOKEE 3. Tukatazamana. Mimi hata deni sikuliwaza kwanza, niliumia kuwa wa tatu, yani kuna wawili anawaogopa kunizidi. Jamaa akasema "dereva shusha hapa hapa", tupo katikati ya barabara, akaruka, na nauli yake nikalipa mimi.

Benki sasa. Foleni, namba ya karatasi, mlinzi anakwambia vua kofia. Slipu ya kuweka hela unajaza elfu kumi ngapi, elfu tano ngapi, jumla kwa tarakimu, jumla kwa maneno, na kalamu yao imefungwa kamba fupi kama mbuzi wa sikukuu. Nikaandika 682,500. Zile mia tano za bibi nikaziandika kwenye mstari wa sarafu, kwa sababu mia tano tangu 2014 ni sarafu tumeshazoea, na hapo ndo nilipaswa kushtuka, mbona mkononi nina makaratasi? Sikushtuka. Baridi hiyo.

Dada wa dirishani akahesabu, mashine ikaimba, akafika chini akasimama. Akazichomoa saba, akazipanga kama karata, akanisukumia.

"Kaka hizi mwisho ilikuwa tarehe 5 Aprili."

Nikamwambia dada kwani hiyo si hela ya serikali, picha ya Karume si hiyo hapo? Akanijibu kwa upole ule wa kibenki unaouma kuliko tusi, kwamba Benki Kuu iliondoa noti za tangu 1985 mpaka 2003 pamoja na hii mia tano ya 2010, na muda wa kwenda kuzibadilisha ulianza tarehe 6 Januari 2025 ukaisha hiyo Aprili. Na mimi nilikuwa najua! Tangazo lenyewe mimi ndo nililibandika kwa selotepu pale kwetu, pembeni ya tangazo la chanjo, kila mgonjwa anaegemea hapo. Akasema andika slipu mpya, 679,000, na rudi nyuma kwenye foleni kaka, wenzako wanasubiri.

Nimerudi ofisini bosi hakufoka. Afadhali angefoka. Alivua miwani akasema "andika fidia ya keshia", akavaa miwani, akaita mgonjwa. 3,500 hiyo ni mchicha na nyanya za siku mbili nyumbani kwangu. Mke wangu aliniuliza swali moja tu, "yani wewe ndo unaitwa mtu wa hela?", akaendelea kupuliza moto. Nikawaza nimtafute bibi, nikafungua faili lake, namba ya simu iliyoandikwa ni ya mjukuu wake yuko Dar. Sasa nimpigie mtu yuko Dar nimwambie bibi yako kanipa hela iliyokufa? Nikaacha. Noti nikazitia kwenye bahasha chini ya droo, na nikajiapia kuanzia leo hata awe mama yangu mzazi nitaigeuza noti mbele na nyuma.

Zikapita wiki mbili. Asubuhi moja nasikia dirishani "ugonile mjukuu wangu". Ni yeye. Kapona, kanawiri, kaniletea na ndizi mkungu mdogo wa kupika, kaupandisha mpaka juu ya meza, maana anasema nilimhudumia vizuri sana, kule kijijini dukani zile noti walimkatalia wote, kwenye basi walimkatalia, mimi peke yangu ndo nilizipokea bila neno.

"Basi nikawaambia na wenzangu wa kikoba", akasema, akasogea pembeni.

Nyuma yake bibi wanne, wamekaa kwenye benchi chini ya lile tangazo langu, kila mmoja kashainamia fundo la kanga anakazana nalo kwa meno.