Mbegu iliyolowekwa: imeandaliwa kwa ukame au imewahishwa tu?

Tafiti nyingi za mboga zinaonyesha kitu kimoja. Mbegu ikilowekwa kwenye maji matupu, au maji yenye kemikali kama potasiamu naitreti au asidi ya salisiliki, kisha ikakaushwa, mche wake ukikosa maji hujikaza kuliko ule wa mbegu ya kawaida. Wanaoipigia debe njia hii husema mbegu imefundishwa kuvumilia ukame. Mimi madai hayo nayaona yamezidi ushahidi.

Mbegu hunyonya maji kwa pupa, halafu hutulia wakati vimeng'enya vinaamka na DNA inakarabatiwa, ndipo mzizi utokeze. Tiba hii ya kuloweka na kukausha huikatisha pale katikati, kabla mzizi haujatokeza. Mwaka 1973 mtafiti Heydecker na wenzake walieleza jinsi mmumunyo wa polietilini glikoli, kemikali inayoizuia mbegu isinyonye maji ya kutosha, unavyoweza kuishikilia hapo, kisha ikipandwa huota haraka. Kuwahi huko ni faida ya kweli: mzizi hushuka kabla udongo wa juu haujakauka. Karoti, inayojivuta kuota na hupandwa moja kwa moja shambani, hapo ndipo inaponufaika.

Nyanya je? Husiwa kitaluni na kumwagiliwa kila mara. Ukame huikuta baada ya kupandikizwa, wiki kadhaa baadaye. Kuwahi kuota kutaisaidia nini wakati huo? Inabaki ile hoja kwamba mmea hukumbuka mafunzo uliyoyapata ukiwa mbegu, na sehemu kubwa ya ushahidi wake imetoka kwenye visahani vya maabara, ambako ukame huigizwa kwa polietilini glikoli hiyohiyo. Shamba linalokauka taratibu juani ni habari nyingine.

Na hasara zipo. Ncha nyeupe ya mzizi ikishachungulia, ukiikausha mbegu umeiua. Mbegu iliyotibiwa huchakaa upesi ikihifadhiwa. Kemikali nazo zina kipimo chake kwa kila aina. Kinachoifaa moja huweza kuidumaza nyingine. (Mbegu iliyopakwa dawa ya kuvu msiiloweke kabisa; maji huiosha dawa hiyo.)

Kwa karoti au vitunguu, ningeloweka kwa maji matupu, baada ya kujaribu punje chache nione zinatokeza mzizi baada ya saa ngapi, kisha niishie mapema kabla ya muda huo. Zikaushwe kivulini hadi ziache kushikana, zipandwe siku hiyohiyo penye unyevu. Lakini kama udongo ni mkavu na mvua haijulikani itakuja lini, ningepanda mbegu kavu. Hiyo inaweza kusubiri.