Anayeiga Mbao Aijue Kwanza Kazi ya Seremala

Mlango wa chumba chetu cha wageni umetengenezwa kwa mbao za paini kutoka Mafinga, lakini wageni wengi huuliza tuliupata wapi mninga mzuri namna ile. Sioni haya kuwajibu kuwa ni rangi tupu. Wapo wanaouita uigaji huu wa mbao kwa rangi ulaghai, na hoja yao si ngeni: John Ruskin, mwandishi na mhakiki wa sanaa wa Uingereza, aliikemea kazi hii katika kitabu chake cha usanifu wa majengo cha mwaka 1849. Miaka miwili baadaye, katika Maonyesho Makuu ya London, fundi rangi Thomas Kershaw alitunukiwa medali kwa kuiga mbao na marumaru. Mimi niko upande wa Kershaw, ila kwa sharti kwamba fundi awe anajua jinsi mlango unavyoungwa.

Mlango wa paneli hautokani na ubao mmoja. Mbao za pembeni husimama, za katikati hulala, na nyuzi za kila ubao hufuata urefu wake, kwa hiyo penye kiungo nyuzi hukatika ghafla kwa mstari ulionyooka. Fundi asiyelijua hilo huvuta brashi kutoka juu hadi chini akivuka viungo vyote, na kazi yake hujiumbua yenyewe. Fundi wetu alitangulia kupaka rangi ya manjano yenye wekundu kidogo, akaiacha ikauke usiku kucha, kisha akapaka juu yake kahawia nyepesi aliyoizimua kwa tina na mafuta ya kitani ili isikauke upesi. Ingali mbichi, aliichana kwa kipande cha kandambili kuukuu alichokikata meno yasiyolingana. Alianza na paneli, akaja kwenye mbao za kulala, akamalizia na zile zilizosimama, akibandika tepu kwenye kila kiungo ili mchirizi usivuke mpaka. Vanishi ilikuja mwisho.

Jambo jingine linaloniudhi ni macho ya mbao, yaani yale mabaka ya mviringo yanayobaki pale tawi lilipoota. Mafundi wengi huyatapanya mlango mzima, kana kwamba wingi wake ndio ushahidi kuwa ni mbao, ilhali seremala akiwa dukani huuweka kando ubao wenye macho mengi. Ya nini kuiga kwa gharama ubao ambao usingeununua? Geti la chuma nalo ningelipaka rangi moja tu badala ya kuliigia mbao, kwa sababu mbao isiyo na kiungo hata kimoja, yenye upana wa gari, haijapata kuota katika msitu wowote.

Mlango wetu sasa una miaka minne. Karibu na kitasa vanishi imelika kwa kushikwashikwa, na ile manjano imeanza kuchungulia. Fundi ameahidi kuja Jumamosi, nami nimemsihi asisahau kile kipande chake cha kandambili.